Kichwa cha Pembe Tano

Kla! Hivyo ndivyo koleo lilivyolia lilipoteleza kwenye mguu wa mama. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama wa kijiko kilichoanguka simentini. Lakini mpaka leo, kijiko kikianguka popote, macho yangu yanatafuta kwanza mguu wa mama, hata kama mama hayupo nyumbani.

Tulikuwa hospitalini Lilongwe. Mama amelala, mimi nimemshika kichwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na vyuma: misumari minne mirefu ilitoka mfupani, ikapita kwenye ngozi, ikafungwa nje kwenye fimbo ya chuma, na kila msumari ulikazwa na bolti ndogo. Dokta, kijana wa Kimalawi mwenye sauti ya upole, alikuwa amejaribu spana zote alizokuwa nazo. Hakuna iliyoshika. Ndipo akachukua koleo, na koleo likateleza. Mama hakupiga kelele. Alianza kuimba wimbo wa kwaya, tena sauti ya pili, ile ya chini, kana kwamba wenzake wa sauti ya kwanza wako hapo pembeni.

Dokta aliweka koleo chini. Alinieleza kwa Kichewa cha polepole ili nielewe. Mfupa umeshaungana. Vyuma vimemaliza kazi, sasa vinaanza kudhuru: angalia hapa, nyama inatoa usaha. Usaha ukifika mfupani, mguu utaondoka. Na koleo likiendelea kuteleza litakula kona za bolti, halafu hakuna kitu kitakachozishika tena. Itabidi kukata kwa msumeno, na mtikisiko wa msumeno unaweza kuvunja mfupa upya. Alhamisi ya wiki ijayo anakuja daktari mkubwa wa mifupa. Akija, vyuma vitoke.

"Wanaofunga vyuma hivi huwa wanatoa na ufunguo wake," alisema. "Wa kwenu uko wapi?"

"Ulipotea," nikasema.

Ulikuwa uongo, na afadhali niutue hapa mwanzoni kuliko kuuburuta mpaka mwisho. Ufunguo haukupotea. Niliutupa mimi.

Tulikimbia kutoka Uvira, kule Congo, wakati vita ya pili ilipofika mtaani kwetu. Tulivuka ziwa, na huko ng'ambo lori tulilopanda likaanguka. Watu wote waliinuka wakajipangusa vumbi, isipokuwa mama. Kwenye hospitali ndogo ya njiani madaktari wa kigeni walimfunga vile vyuma, na siku ya kuondoka muuguzi mmoja akanipa kifuko cheupe. Ndani kulikuwa na kijiti cha chuma chenye mdomo. "Binti, hiki msikipoteze," aliniambia. Nikaitikia. Lakini kwetu mtu hatoki hospitalini na kitu cha hospitali. Bibi yangu aliwahi kuacha kijiko chake mwenyewe, alichokwenda nacho kutoka nyumbani, kwa sababu kilikuwa kimelala wodini. Alikuwa akisema ugonjwa ni kama kuku: ukibeba kikapu chake, anakufuata nyuma.

Basi tulipofika kwenye daraja la mpakani, la kuingia Malawi, abiria wenye miguu wakaambiwa washuke watembee. Mama akabaki juu ya lori. Mimi nikajisogeza pembeni nikakitupa kifuko mtoni. Kilizama mara moja. Nikamkimbilia mama nikicheka, yeye akacheka kwa kuniona nacheka, wala hakujua sababu. Nilidhani nimemponya.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule niliishia darasa la sita. Kichwani nilikuwa na duka la kushona lenye kioo kirefu, kile ambacho mteja anajiona mpaka viatu. Kila nilipolala njaa nilikisafisha kile kioo katika mawazo yangu nikalala vizuri. Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi, kanisa lilitupa cherehani ya kukanyaga, na kwa kuwa mama hakuweza kukanyaga, yeye alipima na kukata, mimi nikakanyaga. Mama mikono, mimi miguu. Watoto wa kambini walimwita Mama Antene kwa sababu ya ile fimbo ya mguuni.

"Mama Antene! Leo inakamata Uvira?"

"Bado, batoto. Kuko mawingu."

"Vita imeisha?"

"Wakitangaza, nitawaita wa kwanza!"

Alikuwa akiwachekesha hivyo. Lakini tangu siku ya koleo niliona anavuta kitenge kufunika mguu kabla hawajafika.

Siku iliyofuata, tukiwa tumerudi kambini, nilimwita fundi wa baiskeli, yule anayetengeneza kabaza, baiskeli za kubeba abiria kwenda barabara kuu. Alikuja na spana zake zote ndani ya mfuko wa unga. Nilikuwa nimemwapisha: weka tu uone kama inaingia, usizungushe. Aliweka ya kwanza, ikacheza. Akaweka ndogo yake, haikuingia. Akaweka ya Kichina, akaweka ya Kihindi. Jasho likamtoka.

"Mama, hii bulo iko na kichwa ya shetani," akasema, akiigusa bolti.

"Sema mguu iko yangu, shetani muache kwake," mama akamjibu.

Alipoondoka nilikaa chini mbele ya ule mguu na sindano mkononi. Nilipitisha ncha ya sindano kwenye kona za bolti, polepole, kama mtu anayehesabu vishikizo gizani. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikarudia. Tano. Nikaenda kuangalia nati za cherehani: sita, zote sita. Ndipo nikaelewa. Spana ina midomo miwili, inabana ubavu huu na ubavu wa upande wa pili. Kichwa cha pembe tano hakina upande wa pili. Kila ubavu unatazamana na kona. Unaweza kuleta spana za Malawi nzima, hakuna hata moja itakayobana.

Nilifurahi kujua, halafu nikaogopa zaidi. Kumbe kitu nilichotupa mtoni hakikuwa na ndugu.

Ijumaa nilipata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Imeandikwa hospitali. Mimi sikwenda hospitali, nilikwenda sokoni Lilongwe, na kila askari niliyemwona nilimuona ananisoma moyoni. Nilipita kwa wauza vyuma mmoja baada ya mwingine. Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akawaita wenzake waje wanisikilize na wao.

"Dada, Mungu aliumba nati na kona sita," akasema. "Hiyo ya kona tano aliumba nani?"

Wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu nisingecheka ningelia. Alipomaliza kucheka akanihurumia. Akaniambia kuna mzee Mnyarwanda, mtaa wa Area 47, anachomelea mageti; kama kitu hakipo dukani, yule hukifua.

Nilimkuta amevaa miwani iliyofungwa na kamba nyuma ya kichwa, anapinda nondo za dirisha. Alikuwa amepita Congo kabla ya kufika Malawi, kwa hiyo Kiswahili chetu alikijua. Nilimweleza.

"Lete hiyo bulo niione."

"Siwezi, muzee. Iko ndani ya mguu ya mama."

"Lete mama."

"Hawezi kutembea mpaka huku."

"Sasa mukobwa," akaniita binti kwa Kinyarwanda, "mimi nitapima nini? Maneno yako? Lete alama. Chuma bila kipimo ni uvumi."

Nilipokuwa naondoka akaniuliza, "Na ufunguo wake wa kwanza?"

"Ulipotea."

Alinitazama juu ya miwani. "Ulipotea, ao uliupoteza?"

Nilikimbia kama nimeiba nondo.

Jumamosi nilipika ugali mgumu, ule wa kusimamisha mwiko. Nilimega donge, nikaliacha lipoe kidogo, nikalikandamiza juu ya bolti moja. Lilipotoka lilikuwa na shimo safi la pembe tano. Niliringa! Nilimwonyesha mama, nikawaonyesha hata majirani. Nikalifunga kwenye kitambaa nikaliweka juu ya sanduku. Ofisi ya ruhusa haifunguliwi mwisho wa wiki, kwa hiyo donge lilikaa Jumamosi, likakaa Jumapili tukiwa kanisani, na Jumatatu nikapanda nalo matola, gari la mizigo linalobeba watu, nimelipakata kama yai. Mama mmoja wa Kimalawi akachungulia kitambaa changu.

"Nsima yopanda ndiwo?" akaniuliza. Ugali bila mboga? Akanionea huruma kabisa, akanipa nyanya mbili.

"Zikomo, mama," nikamshukuru. Ningeanzia wapi kumweleza?

Mzee wa vyuma alicheka mpaka akavua miwani. Lakini alifanya kazi. Alichukua bolti kuukuu, akaikwangua kwa tupa mpaka ikaingia kwenye shimo la ugali. Akapasha moto kipande cha bomba, akakivalisha juu ya ile bolti, akakigonga pande tano mpaka kikashika umbo. Akachomelea mkono wa kushikia, kama herufi T. Nilirudi Dzaleka na ufunguo kifuani. Kwenye kabaza nilikuwa naimba.

Jumanne asubuhi mama alinyoosha mguu. Niliweka ufunguo juu ya bolti. Haukuingia. Niliugeuza kona nyingine, haukuingia. Nikajaribu bolti ya pili, ya tatu. Ufunguo ulikaa juu ya kichwa kama kofia ya mtoto juu ya kichwa cha mtu mzima.

Nikaleta lile donge la ugali. Lilikuwa gumu kama jiwe, lina nyufa, na lilikuwa limenywea. Sisi tunaokula ugali kila siku tunajua kiporo kinavyokauka na kujikunja pembeni mwa sahani. Mimi nilijua tangu utoto, nikasahau siku niliyohitaji kukumbuka. Mzee alikuwa amefua ufunguo sawasawa kabisa, kwa bolti ya ugali uliokauka.

Zilibaki siku mbili. Usaha ulikuwa umeongezeka. Harufu yake niliijua, lakini nilikuwa sijaitaja kwa mdomo. Nilikaa chini na maneno yakatoka yenyewe.

"Mama, ufunguo haukupoteaka. Mi niliutupa. Pale mtoni, ku daraja. Nilitaka ugonjwa usitufuate."

Inzi alitua kwenye kitenge, mama akamfukuza. Nilisubiri anitukane, hata nilitamani.

"Na mi ningeutupa," akasema mwishowe. Halafu akasema, "Kwani wewe mushonaji ao mupishi? Nguo ya mutu unaipimaka na bugali?"

Wakati mwingine mama alikuwa akinichapa kwa maneno yenye dawa ndani. Nilinyanyuka. Nilichana kipande cha karatasi ya ndani ya mfuko wa simenti, ile tunayochorea mitindo ya magauni, nikaitandika juu ya bolti, mama akaishika isicheze, nikasugua penseli taratibu, ubapa wake, si ncha. Kona zikajitokeza moja moja, nyeusi, kali. Zote tano. Karatasi hainywei.

Jumatano nilikuwa Area 47 kabla mzee hajafungua. Nilimrudishia mikononi ule ufunguo wake usioingia, nikamwambia ukweli wote: ugali, mto, kifuko. Safari hii hakucheka.

"Mama yangu mimi," akasema, "alitoka hospitali na mtoto tu. Blanketi aliacha. Kulikuwa baridi!" Akatikisa kichwa. "Lete hiyo karatasi."

Alipokuwa akiikwangua bolti ya mfano na kuilinganisha na karatasi, alikuwa anaula mstari wa penseli: bolti ilikuwa inaishia ndani yake. Nikamshika mkono. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Muzee, kata inje ya mustari. Ukikata sawasawa na mwili, nguo haiingie."

"Chuma si kitambaa, mukobwa."

"Lakini nacho kinavaliwa."

"Nikiacha nafasi kubwa, kitateleza kimumalize mama yako."

"Si kubwa. Unene ya mustari tu. Acha mustari ubaki."

Akainua karatasi kwenye mwanga, akautazama ule mstari kwa muda mrefu. Kisha akarudi kwenye tupa. Aliuacha ubaki.

Nilifika nyumbani jua linashuka. Nilitaka kujaribu palepale. Mama akauvuta mguu wake.

"Hapana. Kama hauingie, nitalala na nini?" Halafu akauliza, "Nani aliutengeneza?"

"Muzee mumoja. Munyarwanda."

Kwetu, miaka ile ya vita, neno hilo halikuwa likipita mdomoni hivihivi. Kila nyumba ilikuwa na maiti wake na mtu wa kumlaumu. Mama aliupokea ufunguo, akaupima uzito kwenye kiganja. Alipitisha kidole ndani ya mdomo wa ufunguo.

"Amekwangua vizuri," akasema. "Haina makali."

Akauweka chini ya mto wa kulalia.

Alhamisi, hospitalini, dokta aliuchukua akauchemsha kwenye maji pamoja na vifaa vyake. Daktari mkubwa aliugeuzageuza, akauliza umetoka nchi gani. Nikasema Area 47. Wakamwingiza mama, wakafunga mlango, nikabaki kwenye benchi.

Nilisikiliza mlango ule kwa mwili wangu wote. Nilikuwa nasubiri kla. Nilijua ikilia kla nitaanguka. Mama alianza kuimba sauti yake ya pili. Nikaishika ya kwanza, chinichini, peke yangu kwenye korido, mpaka mtu aliyekuwa na mkono uliofungwa akanigeukia.

Kisha, ting. Kitu kidogo kimeanguka ndani ya beseni la bati. Nikajikuta nimeinua kidole kimoja. Baada ya muda, ting. Vidole viwili. Ting. Halafu kimya. Nikakumbuka: iliyobaki bila shaka ni ile iliyoumwa na koleo, ile ambayo kona yake moja ilikuwa imelika. Mama aliacha kuimba. Nilisikia daktari mkubwa anasema neno, dokta akajibu. Miguu ya kiti ikalia. Nilimwambia Mungu nitafunga kula, halafu nikakumbuka kwamba tunafunga kila mwisho wa mwezi mgao ukiisha, nikaona aibu kumpa kitu ambacho anacho tayari. Nikamwambia basi nimpe kile kioo. Duka libaki bila kioo.

Ting.

Vidole vinne. Nilibaki nimevishika juu mpaka dokta alipofungua mlango, akaniuliza kwa nini nimenyoosha mkono, kama nina swali.

Sikuwa nalo.

Vidonda vilichukua wiki nyingi kufunga. Mama alijifunza kutembea na fimbo ya mti badala ya fimbo ya chuma, na watoto walilalamika kwamba antene imeng'olewa kabla vita haijatangazwa kwisha. Kweli ilikuwa haijaisha. Wageni waliendelea kufika na magunia yao kichwani, na mmoja wao, mama aliyetoka Fizi, kusini mwa Uvira, alifika na mkono uliofungwa ubao. Siku mama alipoweka mguu wa kushoto kwenye kanyagio la cherehani na gurudumu likazunguka, alishona mstari mmoja kwenye kitambaa kitupu, mrefu, mpaka uzi ukaisha.

Ule ufunguo dokta alikuwa amenirudishia. Jumapili moja, mama akijiandaa kwenda kwaya, aliuona juu ya sanduku.

"Bado iko humu? Kautupe, mwanangu. Ku mto. Usigeuke nyuma."

"Ndiyo, mama."

Akaondoka, tok, tok, na fimbo yake. Nilikwenda mpaka kijito cha chini ya mashamba. Maji yalikuwa machache, yanapita kati ya mawe, na wanawake wawili walikuwa wanafua mbali kidogo. Nilinyoosha mkono. Niliufikiria kuku wa bibi na kikapu chake. Nilimfikiria yule mama wa Fizi, ingawa mkono wake ulikuwa na ubao tu, hauna vyuma; atakayefika baada yake angeweza kuwa navyo.

Nikarudi nao nyumbani. Hakukuwa na mtu. Nilifungua mtoto wa meza wa cherehani, nikatoa sindano na bobini, nikaudondoshea ufunguo matone mawili ya mafuta ya mashine, moja mdomoni, moja kwenye mkono wake. Nikaufunga katika ile karatasi yenye kona tano, nikaulaza nyuma kabisa, kisha nikarudisha sindano na bobini juu yake, moja moja, jinsi mama alivyozipanga.